Kompyuta Haikuanza Kuingia Sebuleni Jana

Anayeunganisha kompyuta na televisheni ya sebuleni ili acheze michezo na kutazama filamu hafanyi jambo geni. Mwaka 1982, kompyuta ya Sinclair ZX Spectrum iliuzwa Uingereza bila skrini: waya wake ulichomekwa kwenye tundu la antena ya televisheni, na mchezo ulipakiwa kutoka kanda ya kaseti kwa dakika kadhaa. Wapo watakaosema kwamba Steam Machines, kompyuta za michezo za sebuleni zilizotumia mfumo wa Linux na kutoka 2015, zilishindwa sokoni. Ni kweli, lakini michezo iliyokubali Linux ilikuwa michache mno. Proton, programu inayowezesha michezo ya Windows kuchezwa kwenye Linux, ilipotolewa 2018, pengo hilo lilipungua sana, na Steam Deck ya 2022, kompyuta ya michezo ya mkononi inayotumia Linux, ikapata wanunuzi wengi. Kilichokosekana kilikuwa programu, wala si nafasi ya kompyuta sebuleni.