Uponaji baada ya kung'olewa gego la mwisho

Uponaji baada ya kung'olewa gego la mwisho ni kipindi ambacho shimo lililoachwa na jino hujifunga kwa ufizi na baadaye kujaa mfupa mpya. Gego la mwisho huitwa pia jino la hekima. Kwa Kiarabu hujulikana kama gego la akili. Ni gego la tatu katika kila pembe ya taya, na kwa kawaida huchomoza kati ya umri wa miaka 17 na 25. Likikosa nafasi hulala ndani ya ufizi au husukuma gego la jirani, na mara nyingine daktari hulazimika kupasua ufizi na kuchonga mfupa kidogo ili kulitoa.

Makala hii inaeleza uponaji huo kwa kuzingatia maisha ya kisiwa cha Unguja.

Donge la damu

Mara jino linapotoka, shimo hujaa damu nayo huganda. Donge hilo hufunika mfupa na neva zilizo wazi, na ndani yake nyama mpya huanza kuota. Karibu masharti yote anayopewa mgonjwa yana lengo moja, kulilinda donge hilo lisitoke.

Mgonjwa huuma kipande cha gozi kwa dakika 30 hadi 60 bila kukiondoa kila mara ili kuchungulia. Mate yenye wekundu siku ya kwanza ni ya kawaida, kwani tone moja la damu hutosha kuyapaka rangi mate yote ya kinywani. Damu ikianza tena, huumwa gozi safi iliyoloweshwa kidogo. Penye uhaba wa gozi, mfuko mdogo wa majani ya chai uliolowekwa na kupoa hufaa, kwa sababu tanini ya chai husaidia damu kuganda. Usiku wa kwanza kichwa kiwekwe juu ya mito miwili.

Katika saa 24 za mwanzo mgonjwa hasukutui, hatemi mate kwa nguvu wala hanywi kwa mrija. Kufyonza na kutema huvuta donge kutoka shimoni. Basi dafu na maji ya miwa ya Forodhani vinywewe kwa gilasi, na ni bora kuuacha mrija kwa wiki nzima. Sigara ni mbaya zaidi kwa kuwa huunganisha mvuto, joto na sumu zinazopunguza damu kufika kwenye kidonda. Tambuu na ugoro navyo huachwa mpaka ufizi ufunge.

Udhu na mfungo

Kwa Waislamu, ambao ndio wengi kabisa Unguja, kusukutua hurudiwa katika kila udhu. Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi visiwani, kusukutua ni sunna, hivyo udhu husihi bila ya hiyo. Mgonjwa anaweza kuiacha siku ya kwanza, kisha akaingiza maji taratibu na kuyaacha yamwagike yenyewe. Jambo hili hutajwa mara chache katika maelekezo ya hospitali, ingawa huenda ndilo linalogusa donge mara nyingi zaidi kuliko mengine yote.

Jino lisilo la dharura ni bora lisubiri Ramadhani ipite, kwani dawa za maumivu hunywewa kila baada ya saa kadhaa na mwili unahitaji maji. Likiwa la dharura, mgonjwa ana ruhusa ya kufungua na kulipa baadaye.

Siku zinazofuata

Uvimbe huongezeka hadi siku ya pili au ya tatu, kisha hupungua. Wengi hushtuka hapa wakidhani wameharibikiwa. Siku ya kwanza barafu iliyofungwa kitambaani huwekwa shavuni dakika 15 hadi 20, ikaondolewa na kurudishwa. Taya kukaza kwa siku kadhaa pia si ajabu.

Baada ya saa 24 huanza maji ya vuguvugu yenye nusu kijiko cha chai cha chumvi kwa gilasi, hasa baada ya kula. Meno mengine hupigwa mswaki kama kawaida; mswaki wa mti usifikishwe kwenye kidonda, maana nyuzi zake huchoma na kubaki humo.

Chakula kiwe laini na kisiwe cha moto: uji, mtindi, ndizi mbivu, viazi vya kuponda, bokoboko lililopoa. Urojo, pamoja na pilipili, ndimu na bajia zake, usubiri. Kahawa ya barazani ipozwe kwanza.

Kwa maumivu, mtu mzima asiye na maradhi ya ini hutumia parasetamoli isiyozidi gramu 4 kwa saa 24. Daktari anaweza kuongeza ibuprofeni. Aspirini huzidisha kutoka damu, lakini anayeinywa kwa ajili ya moyo asiiache bila kumuuliza daktari. Antibiotiki hazihitajiki kwa kila mgonjwa, na kununua vidonge vichache dukani kwa kukisia hujenga usugu wa vijidudu.

Shimo kavu na karafuu

Donge likitoka mapema, mfupa hubaki wazi. Hali hii huitwa shimo kavu. Dalili yake ni maumivu yanayozidi siku ya tatu hadi ya tano, badala ya kupungua, yakipanda hadi sikioni, pamoja na harufu mbaya. Hutokea zaidi katika taya la chini.

Daktari husafisha shimo na kuweka dawa ya kutuliza ambayo mara nyingi ina yujenoli, kemikali kuu ya mafuta ya karafuu, zao lililoipatia Zanzibar jina duniani. Hata hivyo mafuta hayo yakimiminwa kidondani bila kupimwa huunguza nyama, na karafuu nzima iliyosukumwa shimoni hugeuka uchafu. Dawa ya yujenoli iwekwe na mtaalamu.

Dalili za hatari

Mgonjwa arudi hospitali akiona damu haikomi baada ya kuuma gozi dakika 30, homa ya zaidi ya nyuzijoto 38, usaha, uvimbe unaokua baada ya siku ya tatu, au ganzi ya mdomo au ulimi inayoendelea siku ya pili.

Uvimbe chini ya taya au ulimi, pamoja na shida ya kumeza, kufungua kinywa au kupumua, ni dharura inayoweza kuua kwa kuziba njia ya hewa. Mgonjwa asingoje asubuhi. Aliye mbali na mji aanzie hospitali ya karibu, kama Kivunge kwa kaskazini au Makunduchi kwa kusini. Hospitali ya rufaa ni Mnazi Mmoja, pembezoni mwa Mji Mkongwe. Anayeishi shamba apange usafiri wa usiku kabla ya siku ya kung'oa, kwa sababu daladala hazipatikani usiku kucha.

Wenye kisukari, selimundu, shinikizo la damu au wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda wamweleze daktari kabla ya sindano ya ganzi. Nyuzi za kushona huyeyuka zenyewe au hutolewa baada ya siku 7 hivi, ufizi hufunga kwa wiki 3 hadi 4, na mfupa huendelea kujaza shimo kwa miezi kadhaa.