Ibada ya Sanamu katika Maisha ya Mkristo wa Leo



Tunapotafakari Amri ya Kwanza katika jumuiya zetu hapa Pasua, wengi wetu hukumbuka ndama wa dhahabu chini ya mlima Sinai, tukadhani jambo hilo limepita. Lakini Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2113, inafundisha kwamba ibada ya sanamu haikuishia kwa mataifa ya kale. Ingali kishawishi cha kudumu kwa imani. Mwanadamu huabudu sanamu kila anapokipa kiumbe nafasi ya Mungu, kiwe ni fedha, madaraka, anasa, wahenga au dola.

Mji wetu wa Moshi unalo kovu linalotulazimu kulitazama fundisho hili kwa makini. Tarehe 1 Februari 2020, katika uwanja wa Majengo, watu 20 walipoteza maisha na wengine wakajeruhiwa, pale umati uliohudhuria mkutano wa maombi uliposongamana kwenda kukanyaga mafuta ya upako. Hatuwahukumu marehemu hao. Mungu peke yake ndiye ajuaye kila mmoja alikwenda na shida gani, nasi tunaendelea kuwaombea pumziko la milele. Swali linatuhusu sisi tuliobaki: tunapobanwa na ugonjwa au umaskini, je, tunamtafuta Mungu mwenyewe, au tunatafuta kitu?

Nyoka wa shaba

Maandiko Matakatifu yanatuonyesha jinsi hata kitu kilichotoka kwa Mungu kinavyoweza kugeuzwa sanamu. Katika kitabu cha Hesabu, sura ya 21, Mungu alimwagiza Musa atengeneze nyoka wa shaba, na walioumwa na nyoka walipomtazama walipona. Kitabu cha Hekima, sura ya 16, kinaeleza kwamba aliyewaponya hakuwa yule nyoka, bali Mungu, Mwokozi wa wote. Hata hivyo, vizazi vilivyofuata vilianza kumfukizia ubani. Ndipo mfalme Hezekia akamvunjavunja, kama tusomavyo katika 2 Wafalme 18:4. Ishara ile ile iliyokuwa imewaelekeza watu kwa Mungu ilikuwa sasa imesimama mahali pa Mungu.

Visakramenti na matumizi yake

Kanisa halikatazi ishara. Mtaguso wa Pili wa Nisea, mwaka 787, ulithibitisha kwamba ni halali kuziheshimu sanamu takatifu, kwa kuwa heshima hiyo humwendea yule anayewakilishwa. Kuabudu ni kwa Mungu pekee. Maji ya baraka, rozari na medali ni visakramenti. Kwa sala ya Kanisa vinatuandaa kuipokea neema na kushirikiana nayo, lakini havina nguvu ya kichawi ndani yake. Katekisimu, namba 2111, inatuonya kwamba kutegemea tendo la nje pekee, bila moyo unaopaswa kuandamana nalo, ni kuangukia katika ushirikina.

Basi tujipime. Rozari iliyotundikwa kwenye kioo cha gari na haisaliwi kamwe, huku dereva akiendesha bila kujali uhai wa wengine, imegeuzwa hirizi. Anayenyunyiza maji ya baraka dukani na kuendelea kupunja mizani anataka Mungu awe mtumishi wa faida yake. Mtume Paulo, katika Wakolosai 3:5, anauhesabu uchoyo kuwa ibada ya sanamu. Sanamu hupendwa kwa sababu haidai toba. Mungu aliye hai hutuita tusamehe, turudishe tulichodhulumu na tumbebe jirani.

Wajibu wa jumuiya

Tusiishie kuwalaumu wanaohangaika. Mgonjwa ambaye hakuna aliyemtembelea kwa miezi mingi hatashindwa kuvutwa na yeyote anayemwahidi uponyaji wa siku moja. Penye pengo la upendo wetu, sanamu hupata mahali pa kusimama. Kwa hiyo kila Jumuiya Ndogo Ndogo ya Kikristo iwafahamu wagonjwa wake, iwapelekee chakula na sala, na imjulishe paroko mapema ili wapate Sakramenti ya Mpako wa Wagonjwa. Wengi bado huiogopa wakidhani ni ya anayekata roho, ilhali Yakobo 5:14-15 inatuagiza kuwaita wazee wa Kanisa pale mtu anapougua.

Mafuta ya sakramenti hiyo kwa kawaida hubarikiwa na Askofu katika Misa ya Krisma. Hayauzwi wala hayagombaniwi. Padre huyapeleka hadi kitandani kwa mgonjwa na kumpaka huku akisali, na mgonjwa huimarishwa ili aunganishe mateso yake na mateso ya Kristo, akitumaini pia afya ya mwili ikimpendeza Mungu. Wala mpako huo haumzuii kwenda hospitalini: Yoshua bin Sira, sura ya 38, anatufundisha kumheshimu tabibu, kwa maana naye ameumbwa na Bwana.

Tuombe neema ya kuzipenda ishara takatifu kwa namna iliyo sahihi, ili kila tunachokishika mkononi kituelekeze kwa Yeye asiyeshikika, anayetupenda hata pale asipotupatia tulichoomba.