Wanadi na Vikaragosi wa Kompyuta: Mtazamo wa Kihistoria kutoka Ipelele

Nchini Marekani, kompyuta za nyumbani zilinadiwa kwa sura za watu. Mwaka 1981 kampuni ya IBM ilianza kuitangaza kompyuta yake ya mezani kwa mhusika mzururaji wa Charlie Chaplin, naye mwigizaji William Shatner akainadi Commodore VIC-20. Lengo lilikuwa kumwondolea mnunuzi wa kawaida hofu ya mashine.

Tanzania Bara ilipita njia nyingine. Wizara ya Fedha ilipata kompyuta mwaka 1965, lakini mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku uagizaji wa mashine hizo. Runinga nayo haikuanza kurusha matangazo Bara hadi mwaka 1994. Kwa hiyo mkazi wa Ipelele, wilayani Makete, hakuchoshwa na mzururaji huyo, kwa kuwa soko halikumhesabu miongoni mwa wanunuzi.

Kikaragosi kilichofuata hakikuhitaji runinga. Katika Office 97, Microsoft iliweka ndani ya programu kibanio cha karatasi chenye macho, Clippy, kilichomkatiza mwandishi kwa ushauri asiouomba, tena kwa lugha isiyokuwa Kiswahili. Mwaka 2001 kampuni hiyohiyo iliigeuza kero hiyo kuwa tangazo la Office XP, ikijisifu kwamba Clippy amekosa kazi.

Hivyo basi, kero ya mnadi humpata kwanza yule anayetarajiwa kununua. Historia inayosimulia kero hiyo pekee huwaacha nje wale ambao hawakunadiwa chochote.