Asidi Ilivyofahamika kwa Kukutanishwa na Besi

Asidi na besi zilitumiwa na binadamu kwa maelfu ya miaka kabla ya kujulikana zina nini ndani yake. Siki, maji ya ndimu na ukwaju ni asidi. Majivu, chokaa na magadi ni besi. Asidi za vyakulani zina uchachu. Besi zina uchungu na huteleza vidoleni. Zile kali za maabara, za upande wowote, huunguza ngozi na hazionjwi kamwe. Lakini asidi na besi zikichanganywa kwa viwango vinavyolingana hubatilishana: ukali wa kila moja hutoweka, na kwa kawaida kinachobaki ni maji na chumvi. Wanakemia walihitaji zaidi ya miaka mia mbili kulieleza tukio hilo, na karibu kila hatua kubwa ya kuijua asidi ilipatikana kwa kuitazama inapokutana na besi.

Wamisri wa kale walichimba magadi katika bonde la Wadi el Natrun, wakayatumia kukaushia maiti na kutengenezea kioo. Kwa upande wa asidi, siki ndiyo iliyokuwa kali kuliko zote zilizojulikana zama hizo. Mwandishi wa Kirumi Plinio alisimulia kwamba malkia Kleopatra aliyeyusha lulu ya thamani kubwa ndani ya siki kisha akainywa. Kisa chenyewe kina shaka, kwa maana siki huila lulu polepole sana, lakini kemia yake ni ya kweli: lulu ni kalsiamu kabonati, dutu ileile iliyomo kwenye chokaa mawe na matumbawe, na asidi yoyote huishambulia ikatoa mapovu ya kaboni dioksaidi.

Katika nchi za Kiislamu, kuanzia karne ya 8, elimu hii ilipata mikono ya mafundi waliopima, waliochoma na waliokeneka kwa utaratibu. Maandishi yanayonasibishwa na Jabir ibn Hayyan, na yale ya tabibu Abu Bakr al-Razi aliyezaliwa mjini Rey mnamo mwaka 865, yalizipanga dutu kwa makundi na kueleza vyombo vya kukenekea. Kutokana na majivu ya mimea ya maeneo ya chumvichumvi walipata alkali, yaani besi inayoyeyuka majini, wakaitumia viwandani mwa sabuni na kioo. Asidi kali za madini, zile za nitriki na salfuriki, zinaonekana wazi katika maandishi ya Kilatini ya Ulaya kuanzia mnamo mwaka 1300. Katika karne ya 17 Johann Rudolf Glauber, Mjerumani aliyefanya kazi Amsterdam, alipata asidi haidrokloriki kwa kuichanganya chumvi ya mezani na asidi salfuriki. Tangu hapo mkemia alikuwa na asidi tatu zenye nguvu mara nyingi kuliko siki, na angeweza kuzijaribu juu ya karibu kila kitu.

Majaribio hayo yalizaa nadharia kabla ya wakati wake. Franciscus Sylvius, profesa wa tiba mjini Leiden tangu mwaka 1658, alifundisha kwamba magonjwa husababishwa na mwili kuzidiwa na asidi au alkali, na kwamba dawa ni kuirudisha mizani. Otto Tachenius aliandika mwaka 1666 kwamba chumvi zote zimeundwa kwa asidi na alkali, neno lililokuwa karibu sana na ukweli. Nicolas Lémery wa Paris, katika kitabu chake cha kemia cha mwaka 1675, alidai kuwa chembe za asidi zina ncha kali na chembe za alkali zina matundu. Ncha zikizama matunduni, ukali huisha. Picha hiyo haikuwa sahihi, lakini ilijaribu kueleza kwa nini vitu viwili vikali vikikutana hutoa kitu kipole, na hilo ndilo lilikuwa swali lenyewe.

Robert Boyle, Muairishi aliyefanya utafiti Uingereza, hakuridhika. Alihoji mtu anajuaje kwamba kitu fulani ni asidi, kama si kwa maneno ya mwalimu wake. Mwaka 1664 alikuwa amechapisha kitabu kuhusu rangi, na humo alieleza jaribio ambalo kila mwanafunzi wa leo hulirudia kwa namna fulani: sharubati ya maua ya violeti, yenye rangi ya buluu, hugeuka nyekundu ikitiwa asidi na kijani ikitiwa alkali. Hapo ulimi uliondolewa kazini. Rangi ikawa shahidi ambaye watu wawili wanaweza kumtazama kwa pamoja na kukubaliana, na hatua hiyo inastahili heshima kubwa kuliko inayopewa katika vitabu vingi vya shule. Dutu zinazobadilika rangi namna hiyo huitwa viashiria. Maji ya kabichi ya zambarau au ya maua mekundu ya haibiskasi hufanya kazi hiyohiyo hadi leo katika shule zisizo na maabara.

Kiashiria kilichoenea kuliko vyote ni litmasi, ambayo huwa nyekundu kwenye asidi na buluu kwenye besi. Asili yake ni kuvumwani, viumbe vinavyotokana na muungano wa kuvu na mwani, vinavyoota juu ya miti na miamba ya pwani. Waholanzi waliichachusha kwa amonia na potashi mpaka ikatoa rangi. Aina za kuvumwani wa jamii hiyo ziliota pia kwenye miti ya pwani ya Afrika Mashariki, ambako ziliitwa marere, na katika karne ya 19 zilikusanywa na kusafirishwa Ulaya kupitia Zanzibar. Wanunuzi wake walikuwa hasa watia rangi wa vitambaa. Biashara hiyo ilififia baada ya rangi za viwandani kuanza kutengenezwa, kuanzia mwaka 1856.

Ilikuwa viwandani, katika upaukaji wa vitambaa, ambako kubatilishana kwa asidi na alkali kuligeuka kuwa kipimo. Wapaukaji walinunua majivu ya potashi bila kujua ubora wake. Mwaka 1756 Francis Home, tabibu wa Scotland, alieleza namna ya kuyapima: tia asidi kidogo kidogo kwenye majivu yaliyowekwa majini, na hesabu ni vijiko vingapi vimetumika hadi mapovu yakome. Majivu mazuri hula asidi nyingi. Vijiko baadaye vilirithiwa na mirija ya kioo yenye alama, na mwaka 1824 Joseph Louis Gay-Lussac wa Ufaransa aliipa mirija hiyo majina ya bureti na pipeti ambayo bado inayo.

Wakati huohuo Guillaume-François Rouelle, aliyefundisha katika bustani ya mfalme mjini Paris, alikuwa ameweka sawa maana ya chumvi. Katika andiko lake la mwaka 1754 alisema chumvi ni matokeo ya asidi kuungana na dutu nyingine inayoipa mwili mgumu, iwe alkali, iwe udongo kama chokaa, iwe metali. Dutu hiyo ndiyo aliyoiita besi, na kwa hiyo besi zikawa kundi pana kuliko alkali. Mwaka 1792 Mjerumani Jeremias Benjamin Richter alianza kuchapisha vipimo vilivyoonyesha kwamba uzito fulani wa asidi hubatilishwa siku zote na uzito uleule wa besi fulani. Mwaka 1802 Ernst Gottfried Fischer aliyakusanya matokeo hayo katika jedwali moja, sehemu 1000 za asidi salfuriki zikiwa ndiyo kigezo. Kemia ya mahesabu ilianzia hapo kwa sehemu kubwa.

Viwanda vilihitaji alkali nyingi kuliko majivu yaliyopatikana. Mwaka 1791 Nicolas Leblanc alipewa hataza ya kutengeneza sodiamu kabonati kutokana na chumvi ya bahari. Njia yake ilitapakaa Uingereza, lakini ilitoa gesi ya asidi haidrokloriki iliyopanda angani na kurudi juu ya mashamba ikakausha miti na mazao. Bunge la Uingereza lilitunga sheria mwaka 1863 kuvilazimisha viwanda hivyo kuinasa angalau asilimia 95 ya gesi hiyo. Mkaguzi wa kwanza, Robert Angus Smith, ndiye aliyechapisha mwaka 1872 kitabu kilichotumia jina la mvua ya asidi. Afrika Mashariki inayo hazina ya asili ya alkali hiyohiyo: Ziwa Magadi nchini Kenya na Ziwa Natron nchini Tanzania, ambako maji yanayokauka juani huacha tabaka za magadi. Uchimbaji wa kibiashara wa Ziwa Magadi ulianzishwa na kampuni iliyoundwa mwaka 1911, na soda yake huuzwa kwa watengenezaji wa kioo na sabuni.

Swali la nini huifanya asidi kuwa asidi lilibaki wazi. Antoine Lavoisier, aliyewahi kumsikiliza Rouelle, aliona kwamba salfa na fosforasi zikiungua hutoa dutu ambazo majini huwa asidi. Akahitimisha kuwa gesi inayochangia kuungua ndiyo mzazi wa asidi zote, akaiita oksijeni kwa maana hiyo. Alikatwa kichwa kwa gilotini mwaka 1794 katika Mapinduzi ya Ufaransa, na wazo lake likaishi baada yake. Aliyelipindua ni Humphry Davy wa London. Mwaka 1807 alipitisha umeme kwenye alkali zilizoyeyushwa akapata sodiamu na potasiamu, na ikaonekana kwamba oksijeni imo ndani ya alkali zenyewe. Mwaka 1810 alionyesha kwamba asidi haidrokloriki haina oksijeni hata kidogo. Ina haidrojeni na klorini tu. Justus von Liebig akalimalizia jambo hilo mwaka 1838: asidi ni dutu yenye haidrojeni inayoweza kuondolewa na nafasi yake kuchukuliwa na metali.

Ufafanuzi wa Liebig uliitosheleza asidi, ukaiacha besi bila maelezo. Mwanga ulitoka kwenye joto. Asidi kali ikichanganywa na alkali kali, chombo hupata moto mkononi. Germain Hess huko St. Petersburg, na baada yake Julius Thomsen huko Copenhagen, walilipima joto hilo kwa uangalifu, na ikadhihirika kwamba kwa asidi na alkali kali ni karibu lilelile siku zote, takriban kilojuli 57 kwa kila moli ya maji inayoundwa. Iwe asidi haidrokloriki na sodiamu haidroksaidi, iwe asidi nitriki na potasiamu haidroksaidi, joto halibadiliki. Chumvi zinazotokea ni tofauti kabisa, basi kwa nini joto liwe moja?

Jibu lilimpata mwenyewe Uppsala, Sweden. Mwaka 1884 Svante Arrhenius, kijana wa miaka 25, aliwasilisha tasnifu kuhusu myeyusho unaopitisha umeme. Wasahihishaji hawakuipenda, wakampa alama za chini. Nadharia aliyoikamilisha mwaka 1887 ilisema kwamba asidi, besi na chumvi zikiyeyuka majini hutengana kuwa ayoni, yaani chembe zenye chaji ya umeme. Asidi hutoa ayoni za haidrojeni. Besi hutoa ayoni za haidroksaidi. Zinapokutana, ayoni hizo mbili huungana kuwa maji, na ayoni zilizobaki, sodiamu na klorini kwa mfano, hukaa kwenye maji kama zilivyokuwa. Kwa hiyo mmenyuko ulikuwa mmoja tu katika vyombo vyote vya Hess na Thomsen: haidrojeni na haidroksaidi kuwa maji. Ndiyo maana joto lilikuwa moja. Maelezo hayo ni miongoni mwa mazuri kuliko yote katika sayansi ya karne ile, kwa kuwa swali lililowashughulisha akina Tachenius lilijibiwa kwa sentensi moja. Arrhenius alipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1903.

Nadharia hiyo ilifafanua pia tofauti ambayo wanafunzi huikosea mara nyingi. Asidi kali ni ile ambayo molekuli zake karibu zote hutengana majini. Asidi dhaifu, kama ile ya siki, huachia sehemu ndogo tu. Ukali si sawa na wingi: asidi kali inaweza kuzimuliwa kwa maji mengi, na asidi dhaifu inaweza kuwa nzito chupani.

Ayoni za haidrojeni zilipojulikana, zikahitaji kipimo. Mwaka 1909 Søren Sørensen, mkuu wa idara ya kemia katika maabara ya Carlsberg mjini Copenhagen, alikuwa akichunguza vimeng'enya na akachoka na tarakimu zenye sufuri nyingi. Alibuni kipimo cha pH, ambacho kwa kawaida huanzia 0 hadi 14. Maji safi yana 7. Chini yake ni asidi, juu yake ni besi. Kila hatua moja ni badiliko la mara kumi, hivyo maji ya ndimu yenye pH ya karibu 2 yana ayoni za haidrojeni mara 100,000 kuliko maji safi. Damu ya binadamu iko karibu na 7.4, na maji ya Ziwa Magadi hufika karibu na 10. Mwaka 1934 Arnold Beckman wa California alitengeneza mashine ya umeme ya kusoma pH, baada ya rafiki yake aliyefanya kazi kwa wakulima wa matunda kuhitaji kupima uchachu wa maji ya malimau.

Mwaka 1923 Johannes Brønsted huko Copenhagen na Thomas Lowry huko Cambridge, kila mmoja kivyake, waliutanua ufafanuzi: asidi ni dutu inayotoa protoni, yaani ayoni ya haidrojeni, na besi ni inayoipokea. Amonia, ambayo haina haidroksaidi ndani yake, ikapata nafasi yake halali kati ya besi. Shule nyingi huanza na Arrhenius, kisha hupanda hadi kwa hawa wawili.

Matumizi ya kila siku yanafuata kanuni ileile. Tumbo lina asidi haidrokloriki, kama William Prout alivyothibitisha London mwishoni mwa mwaka 1823, na vidonge vya kiungulia vina besi nyepesi kama magnesiamu haidroksaidi au kalsiamu kabonati. Udongo wenye asidi nyingi hutiwa chokaa ya shamba ili mahindi yastawi, kwa kuwa mahindi hupendelea pH ya takriban 5.5 hadi 7. Chai hutaka kinyume chake, udongo wa karibu 4.5 hadi 5.5, kwa hiyo mkulima mwenye mazao hayo mawili hupima kila shamba peke yake kabla ya kununua mfuko wa chokaa.