Vita Kwenye Redio, Vita Kwenye Simu

Kuanzia tarehe 24 hadi 26 Machi 1979, Waganda waliokuwa wakiishi uhamishoni walikutana hapa Moshi kujadili nani ataiongoza nchi yao Idi Amin akishaondoka. Walikuja kutoka vikundi zaidi ya 20, vingi vikiwa havielewani. Walipoachana walikuwa na umoja mmoja, UNLF, na mwenyekiti mmoja, Yusuf Lule. Siku 16 baadaye Kampala ilianguka. Lule akaapishwa kuwa rais, na akadumu madarakani siku 68 tu.

Mimi ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili ya historia. Wengi walioandika kuhusu mkutano ule wanawatazama wakubwa: Lule, Museveni, na Obote ambaye hakuhudhuria. Mimi nawatazama watu wa mji huu na wa vijiji vya mlimani. Walipataje habari za vita vile, na sisi tumebakiwa na nini cha kuthibitisha walichokisikia?

Bara lilikuwa na redio moja tu, Radio Tanzania Dar es Salaam. Televisheni ilifika bara mwaka 1994. Kompyuta ya kwanza iliingia Wizara ya Fedha mwaka 1965, lakini mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza nchini kompyuta na televisheni. Kwa hiyo Amin alipoivamia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, na Mwalimu Nyerere alipolitangazia taifa tarehe 2 Novemba kwamba tutampiga, nchi nzima ilivipokea vita kwa masikio.

Babu yangu alikuwa Kibosho. Anasimulia kwamba betri za redio zilipochoka walizianika juani ili zipate nguvu ya taarifa ya habari ya jioni. Majirani walikuja kihambani, wakakaa chini ya migomba, na hakuna aliyeruhusiwa kukohoa. Taarifa ya nyumbani ikiisha, babu alitafuta Idhaa ya Kiswahili ya BBC, iliyokuwa hewani tangu 1957. Alitaka kusikia jambo lile lile kwa mdomo mwingine.

Alikuwa na sababu. Mwalimu alieleza kwamba kulikuwa na vita viwili: vya Tanzania kulinda ardhi yake, na vya Waganda kumng'oa Amin. Mkutano wa Moshi ulivipa hivyo vita vya pili sura ya Kiganda, jambo lililokuwa muhimu kwa sababu mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulikataza nchi moja kuingilia mambo ya ndani ya nyingine. Hata hivyo, wengi wa askari waliokuwa njiani kwenda Kampala walikuwa wa JWTZ. Wazee niliozungumza nao mlimani wanasema walilijua hilo mapema, kwa sababu vijana wao walikuwa huko.

Magazeti ya wakati huo, Uhuru, Mzalendo na Daily News, yalikuwa ya chama na serikali. Yanasema upande mmoja. Lakini yana tarehe, yana kurasa, na ninaweza kuyashika mkononi na kubishana nayo.

Sasa tuje kwenye vita vya enzi yetu. Mwishoni mwa Januari 2025 waasi wa M23 waliuteka mji wa Goma. Askari wetu walikuwa huko chini ya kikosi cha SADC, na jeshi likatangaza vifo vya askari wawili. Tarehe 8 Februari viongozi wa SADC na wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wakakutana Dar es Salaam. Haya yote niliyapata kwenye simu. Kikundi chetu cha WhatsApp cha ukoo kilijaa ramani, video, na ujumbe wa sauti kutoka kwa dereva wa lori, jirani yetu, aliyekuwa njiani kuelekea Kongo. Video nyingine zilikuwa za vita vya zamani, mahali pengine kabisa.

Mwaka huu niliutafuta ujumbe wa yule dereva kwa ajili ya tasnifu yangu. Haupo. Kikundi kiliwekewa utaratibu wa kufuta kila kitu baada ya siku 90, maana simu za wazee zilikuwa zinajaa. Dereva mwenyewe simu yake iliibiwa.

Halafu ikaja tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi. Intaneti ilizimwa nchi nzima, ikarudi siku kadhaa baadaye ikiambatana na ujumbe wa simu unaoonya watu wasisambaze picha za kuleta taharuki. Hapa Moshi niliwaona watu wakifungua simu zao na kufuta, mmoja baada ya mwingine, hata picha ambazo hawakuwa wamemtumia mtu yeyote.

Mwaka 1979 dola ilishika kipaza sauti, na karatasi yake ikabaki. Leo kila mtu ana kipaza sauti mfukoni, lakini kinachobaki ni kile ambacho hofu, wizi na simu iliyojaa vimekiacha. Mwanafunzi atakayekuja miaka 40 ijayo kuuliza watu wa Kilimanjaro walisikia nini kuhusu Goma, au walipitia nini Oktoba ile, huenda akakuta taarifa rasmi peke yake, bila hata sauti ya dereva wa kubishana nayo.

Kwa hiyo nimeanza kazi ndogo. Nikimhoji mtu, naandika kwenye daftari la karatasi tarehe, mahali, na maneno yake kama alivyoyasema. Jina naliandika akiniruhusu tu. Naomba na wewe, msomaji, ufanye hivyo kwa babu, bibi au dereva wa kwenu, kabla simu hazijabadilishwa.