Mambo ya Kuzingatia Unaponunua Pikipiki ya Kwanza

Na Mwandishi Wetu, Dar es Salaam

Kwa familia nyingi nchini, pikipiki ndiyo chombo cha kwanza cha moto kununuliwa kwa fedha za nyumbani. Humfikisha muuguzi zahanati, mwalimu shuleni na mkulima sokoni, na kwa vijana wengi ndiyo ajira yenyewe. Hata hivyo, mara nyingi mnunuzi huangalia mambo mawili tu, bei na mwendo, ilhali kinachoamua usalama wa dereva mgeni ni kingine: je, ataweza kuidhibiti pikipiki hiyo na kuisimamisha kwa wakati? Makala hii inaeleza namna ya kulijibu swali hilo kabla fedha hazijatoka mfukoni.

Leseni itangulie

Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, inamtaka dereva awe na leseni ya daraja linalolingana na chombo anachoendesha. Daraja A1 ni la pikipiki zisizo na kigari cha pembeni zenye injini isiyofikia cc 125. Daraja A ni la pikipiki zenye injini inayozidi cc 125. Kwa hiyo, mtu aliyejifunza na kupewa leseni kwa pikipiki ndogo, kisha akanunua ya cc 150, anaweza kujikuta barabarani na leseni isiyomruhusu kuendesha chombo chake mwenyewe.

Utaratibu ni kupata leseni ya muda ya kujifunzia, kuhudhuria mafunzo katika chuo cha VETA au shule ya udereva inayotambulika, kupimwa na Kikosi cha Usalama Barabarani cha Jeshi la Polisi, kisha kupewa leseni na Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA). Kuanza na mafunzo kuna faida nyingine: mnunuzi huingia dukani akiwa tayari anajua klachi, gia na breki zinavyofanya kazi, na hivyo hawi mtu wa kuelezwa na muuzaji peke yake.

Ukubwa wa injini

Pikipiki nyingi zinazouzwa nchini ni za cc 100, 125 na 150, zikitoka zaidi India na China. Kwa anayeanza, akiwa peke yake katika njia za tambarare, cc 100 hadi 125 zinatosha. Hutumia mafuta kidogo, huongeza mwendo taratibu, na kosa dogo la mkono kwenye mafuta haliirushi pikipiki mbele ghafla.

Cc 150 ina nafasi yake. Anayeishi penye milima, kama Lushoto, Makete au vijiji vya Uluguru, au anayebeba mizigo kila siku, atahitaji nguvu hiyo. Lakini sababu iwe ni kazi, si sifa za kijiweni.

Kwa pikipiki za umeme, ambazo sasa zinaonekana mijini, swali la kwanza ni mahali pa kuchaji au kubadilishia betri, na kama umbali inaoweza kwenda kwa chaji moja unatosheleza safari za siku nzima.

Kimo na uzito

Mnunuzi aketi juu ya pikipiki ikiwa imezimwa. Nyayo za miguu yote miwili zinapaswa kugusa ardhi kwa uthabiti, si kwa ncha za vidole. Mikono ifikie usukani bila kunyooka kabisa, na vidole vifike kwenye klachi na breki bila kujivuta. Kisha aishushe kwenye stendi, aisukume, aigeuze mahali pembamba na kuirudisha kwenye stendi. Asiyeweza kufanya hayo injini ikiwa imezimwa hataweza kuizuia isianguke kwenye tope au kwenye kona ya mchanga, hasa ikiwa na abiria nyuma.

Breki na matairi

Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, ambao ndio ukomo katika maeneo ya makazi, pikipiki husogea takriban mita 14 kila sekunde. Dereva akichukua sekunde moja tu kugundua hatari na kukamata breki, tayari amekwenda mita hizo 14 kabla pikipiki haijaanza kupunguza mwendo. Kwa kilomita 80 kwa saa zinakuwa mita 22. Aidha, mwendo ukiongezeka mara mbili, umbali wa kusimama baada ya kukamata breki huongezeka takriban mara nne.

Kwenye lami kavu, breki ya mbele ndiyo yenye nguvu kubwa zaidi, kwa kuwa uzito huhamia mbele pikipiki inapopunguza mwendo. Breki ya mbele ya diski, ikiwa nzima, hushika vizuri hata baada ya kulowa. Breki ya ngoma ni rahisi kutengeneza, ila hupoteza nguvu inapopata joto kwenye mteremko mrefu. Kwa anayeishi milimani, tofauti hiyo ina thamani kuliko rangi ya tanki au mapambo.

Mpya au iliyotumika

Pikipiki iliyotumika si mbaya ikikaguliwa vyema. Mnunuzi aende mchana, pamoja na fundi anayemwamini, na aikute injini ikiwa ya baridi, kwani injini iliyokwisha kupashwa moto huficha ugumu wa kuwaka. Moshi wa bluu huashiria kuwa injini inakula oili. Meno ya spoketi yaliyochongoka, mnyororo uliolegea, shokapu zinazovuja na usukani wenye mlegeo ni gharama zinazomsubiri mmiliki mpya. Alama za kuchomelea kwenye fremu, au gurudumu la nyuma lisilolingana na la mbele, zinaweza kuwa ushahidi wa ajali. Pikipiki ya namna hiyo iachwe.

Kwa upande wa nyaraka, namba ya chesisi na ya injini zilingane na zilizo kwenye kadi, na jina la kwenye kadi liwe la anayeuza. Faini za barabarani zinazodaiwa zinaweza kuangaliwa kwa namba ya usajili katika mfumo wa Jeshi la Polisi. Mauziano yaandikwe, na umiliki uhamishwe TRA bila kuchelewa.

Gharama zilizo nje ya bei

Bei ya dukani si gharama yote. Kuna usajili, bima, mafunzo, leseni, kofia ngumu na matengenezo ya mwanzo. Bima dhidi ya madhara kwa watu wengine ni ya lazima kisheria, na uhalali wake unaweza kuhakikiwa katika mfumo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima (TIRA). Atakayebeba abiria kwa malipo anahitaji pia leseni ya usafirishaji chini ya utaratibu wa LATRA.

Vijana wengi huanza kwa pikipiki ya mkataba, wakipeleka hesabu kwa mwenye chombo mpaka kiwe chao. Mkataba huo uwe wa maandishi. Uoneshe jumla ya fedha na muda, nani analipia bima na matengenezo makubwa, hesabu itakuwaje siku ya ugonjwa au pikipiki ikiwa gereji, na lini kadi itahamishwa. Hesabu isiyolingana na kipato cha kijiwe humsukuma dereva mgeni kukimbia, kufanya kazi usiku akiwa amechoka na kubeba mshikaki.

Kofia ngumu

Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa na Cochrane mwaka 2008 yalionesha kuwa kofia ngumu hupunguza uwezekano wa kufa katika ajali ya pikipiki kwa takriban asilimia 42, na wa kuumia kichwa kwa takriban asilimia 69. Kofia ikae sawasawa bila kuzunguka kichwani, na mkanda ufungwe chini ya kidevu. Iliyopigwa kwa nguvu katika ajali isitumike tena, kwa sababu tabaka lake la ndani huvunjika ili kumeza kishindo na halirudi lilivyokuwa. Anayetarajia kubeba mtu anunue mbili.

Wiki za mwanzo

Inashauriwa dereva mgeni aendeshe peke yake kwanza, mchana, katika njia anazozijua, na afanye mazoezi ya kusimama ghafla mahali pa wazi: lami kavu, kisha penye vumbi, ambako breki ya mbele hukamatwa taratibu. Oili ya kwanza ibadilishwe kwa kilomita zilizoandikwa kwenye kitabu cha mtengenezaji. Abiria apande baada ya dereva kuzoea uzito wa chombo, na ajue kuwa kila kilo inayoongezeka nyuma yake hubadilisha namna pikipiki inavyokata kona na kusimama.