Matarishi wa Unyanyembe

Wafugaji wa Ubelgiji, nchi iliyoufanya urushaji wa njiwa kuwa mchezo tangu karne ya 19, huwavisha njiwa wao pete mguuni, wakawapeleka kwa lori hadi Barcelona na kuwaachia huko. Safari ya kurudi inazidi kilomita 1,000. Njiwa mzuri, upepo ukimpa mgongo, hupita kilomita 70 kwa saa. Kutoka Bagamoyo hadi Tabora, kwa mstari ulionyooka, ni karibu kilomita 700: akiachiwa alfajiri, angetua magharibi.

Wapelelezi Waingereza Burton na Speke walitoka pwani mwezi Juni 1857, wakafika Kazeh, yaani Tabora, Novemba 7. Siku 134.

Lakini njiwa anajua njia moja tu, ya kwao. Ili alete habari Tabora ni lazima alelewe Tabora, kisha abebwe hadi pwani kwa miguu ya binadamu. Katika njia ya misafara habari zilikwenda mabegani mwa watu, na mabingwa wa njia ile walikuwa Wanyamwezi. Mnyamwezi alishuka pwani na pembe ya ndovu au mzigo wa frasila mbili, karibu kilo 32, akafuata nyayo za kirangozi aliyetangulia na bendera. Nao walikuwa na tabia ya njiwa: msimu wa kulima ukikaribia, moyo uliwavuta nyumbani, na mfanyabiashara aliyetaka wapagazi miezi hiyo alipata taabu.

Pasipo watu hao, barua ililala. Mfuko wa barua za kumpelekea Livingstone, mmisionari na mpelelezi aliyekuwa bara, ulioandikwa tarehe 1 Novemba 1870 ulikaa Bagamoyo siku nyingi pamoja na msafara uliotumwa kuupeleka. Mwandishi wa habari Stanley, aliyekuwa akimtafuta Livingstone, aliukuta Kwihara, nje kidogo ya Tabora, akauchukua mwenyewe. Ulimfikia Livingstone Ujiji Novemba 1871, mwaka mzima baada ya kufungwa.

Kwangu mimi, tarishi mkuu wa njia hiyo ni Chuma, Myao aliyekombolewa utumwani akiwa kijana. Livingstone alifariki tarehe 1 Mei 1873 kijijini kwa Chitambo, katika Zambia ya leo. Chuma, Susi na watumishi wengine wa Livingstone waliukausha mwili wake, wakaubeba kuelekea pwani, mwendo wa zaidi ya kilomita 1,500. Walipokaribia Unyanyembe, yaani eneo la Tabora, Jacob Wainwright, mmoja wao, aliandika barua ya msiba, na Chuma akatangulia nayo. Alimfikia Cameron, kiongozi wa msafara uliotumwa kumsaidia Livingstone, huko Kwihara mwezi Oktoba, Mwingereza huyo akiwa na homa na macho yakimuuma hata haoni vizuri. London ilipata habari Januari 1874. Mwili ulifika Bagamoyo mwezi uliofuata.

Jenerali Tombeur wa Ubelgiji, aliyeiteka Tabora Septemba 1916, alipewa na mfalme wake cheo chenye jina la mji huu. Lakini Chuma alifika viungani mwake na barua mkononi baada ya miezi mitano ya mwendo wa mauti. Kama kuna mtaa wa Tabora unaotafuta jina, wazee na madiwani wasitafute mbali: uitwe Mtaa wa Chuma.